Bunduki Zisizo na Risasi

Hosea Tarver hakuwahi kuificha bunduki yake. Katika mji wa Carthel, Louisiana, aliyeficha silaha ndiye aliyetazamwa kwa jicho baya. Sheria ya jimbo ilisema hivyo, na mila za watu zilikuwa zimesema hivyo tangu kabla ya sheria. Bunduki inayoonekana ni ya mwindaji, au ya mkulima, au ya mtu asiyependa utani. Wazungu walizitundika kwenye madirisha ya nyuma ya magari yao, wakaenda nazo posta, wakaenda nazo hata kanisani. Kwa hiyo kiangazi kile, Hosea na wenzake wa kiwanda cha karatasi walipoanza kuketi kwenye kibaraza cha kanisa la Mlima Nebo, bunduki zimelala mapajani, hawakuvunja amri ya mtu yeyote. Walikuwa tu watu weusi waliofanya kile ambacho kila mtu alikifanya, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Hawakujiketisha pale kwa kupenda. Vijana wa kanisa, wakiongozwa na Verlene, binti wa Hosea aliyekuwa amerudi kutoka chuoni, walikuwa wanadai haki ya kujiandikisha kupiga kura. Kila walipopanga foleni mbele ya mahakama walipigwa, na kila walipopigwa walirudi. Kisha nyumba ya bibi Idella Crain, ajuza aliyewapa vijana hao kahawa na mahali pa kulala, ikachomwa moto mchana kweupe. Gari la zimamoto lilifika, likasimama upande wa pili wa barabara, na wazima moto wakavuta sigara mpaka paa likaanguka. Bibi Idella alitolewa akiwa hai, ila macho yake hayakuona tena.

Verlene alipiga simu Washington. Mtu wa huko alimsikiliza kwa adabu na kuahidi kwamba wakubwa watalitazama jambo hilo.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema Wardell Minnifield aliposikia. Kesho yake alikuja kanisani na bunduki ya marehemu baba yake, akavuta kiti karibu na cha Hosea, akaketi. Wardell alikuwa mpakiaji wa karatasi kiwandani, mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya, na bingwa wa mzaha asiyejali msiba wala harusi. "Shemasi," alimwambia Hosea, "mke wangu Earline amesema nikiuawa nisirudi nyumbani na viatu vichafu."

Tangu siku hiyo yale magari yaliyokuwa yakipita polepole huku watu wakitukana kupitia madirishani yalianza kupita mbio, na mengine hayakupita kabisa.

Aliyekereka zaidi hakuwa Mzungu. Alikuwa Verlene.

"Baba, kanisa si kambi ya jeshi," alisema asubuhi moja, uji wa mahindi ukipoa mbele yake. "Sisi tumeapa. Ukipigwa, hurudishi. Ukitemewa mate, unafuta unaendelea. Sasa tunatoka kwenye maombi, tunakuta nyie mmekaa mlangoni na mabomba ya chuma. Watu watasemaje?"

"Watasema mlitoka kwenye maombi mkiwa hai."

"Hujibu swali langu."

"Nimelijibu, mama. Hulipendi jibu." Alimwita mama, kama alivyomwita tangu akiwa mchanga, kwa kuwa mama halisi alikuwa amefariki na jina hilo halikuwa na mtu mwingine wa kuitwa. "Mimi sikuapa. Wewe uliapa. Endelea na kiapo chako, mimi niache na kibaraza changu."

"Siku mtu wenu atakapofyatua risasi, tumekwisha. Ndicho wanachokisubiri."

"Na siku ambayo hatutakuwepo? Wanasubiri nini siku hiyo?"

Verlene aliinuka bila kumaliza uji. Hosea alimsikia akigonganisha sufuria jikoni, akajua ana hasira, na akajua pia kwamba katika hayo aliyoyasema kulikuwa na ukweli. Alikuwa amepigana vita Korea. Alijua jinsi mikono inavyoweza kumtangulia mtu.

Ndipo baraza la mji likakutana na kutunga sheria ndogo. Ilikuwa sheria fupi: mtu yeyote asionekane na bunduki katika mitaa ya Carthel ila awe na kibali cha mkuu wa polisi. Haikutaja rangi ya mtu. Ilipofika Ijumaa, muuza vifaa vya ujenzi alikuwa na kibali, kinyozi wa Wazungu alikuwa nacho, na msimamizi wa bohari la pamba alikuwa amewachukulia wanawe wote.

Hosea alivaa shati safi akaenda kuomba cha kwake.

Mkuu wa polisi, Doyle Sutterfield, alimwacha asimame. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na aliyemjua Hosea tangu wote wawili wakiwa watoto waliovua kambare kwenye mto mmoja, pande mbili tofauti.

"Kibali cha nini, Hosea? Kuna kulungu wameingia mjini?"

"Hakuna, bwana."

"Basi unataka kuwinda nini?"

"Siwindi, bwana. Ninawindwa."

Askari mmoja kijana aliyekuwa dirishani alicheka. Sutterfield hakucheka. "Sikiliza, boi. Nakupa ushauri wa bure. Waambie wale wenzako wazirudishe kabatini. Nikimwona mmoja wenu na bunduki barabarani, nitamfunga, na kama atanibishia sitamfunga."

Hosea alikuwa baba wa mtu mzima, mwenye mvi, na bado aliitwa boi, kama mtoto. Alisema, "Ndiyo, bwana," akaondoka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitafuna ile ndiyo kama mtu aliyetafuna mchanga.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, wanaume wa kibarazani walikusanyika kanisani. Wengine walitaka kukaa vilevile na liwe liwalo. Wengine walitaka kuzipeleka bunduki nyumbani. Ikawa kelele tupu. Verlene alikuwa amekaa benchi la nyuma, akisubiri, na Hosea alipomwona alimwita mbele yao wote.

"Hebu tueleze," alisema. "Nyie mnafanyaje sheria ikiwa mbovu?"

Verlene alisimama. "Tunaivunja. Kwa uwazi, mchana, bila kumdhuru mtu. Hatukimbii. Tunakamatwa, tunakwenda jela, halafu wakili anaipeleka ile sheria mbele ya hakimu wa serikali kuu huko New Orleans, nayo ijitetee."

"Sheria yoyote mbovu?"

"Sheria yoyote m—" Alikuwa ameona anakopelekwa.

"Hii ni mbovu?"

"Baba..."

"Nakuuliza, mama. Sheria inayompa kinyozi bunduki na kuninyima mimi, ni mbovu au si mbovu?"

Kanisa zima lilimtazama binti yule. "Ni mbovu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Basi nitaivunja kwa mtindo wako. Jumamosi, mchana, nitatembea Barabara Kuu na bunduki yangu mpaka mahakamani, wakanifunge."

"Kwa mtindo wangu, bunduki isiwe na kitu ndani," Verlene alisema haraka. "Wala mfukoni. Na ikunjwe, mitutu inaning'inia, kila mwenye macho aone kwamba haiwezi kupiga."

"Haitakuwa na kitu."

"Na mimi nitatembea kando yako."

Hilo Hosea hakulitarajia, wala hakulipenda. Lakini angemkatalia kwa hoja gani?

Wardell alikuwa wa kwanza kusema atakwenda naye, akafuatwa na wengine wachache. Jumamosi walipofika kanisani, Hosea aliweka sahani ya sadaka juu ya meza na kumtaka kila mmoja atoe risasi zote alizo nazo. Walitoa mmoja mmoja. Wardell alitoa za kwenye bunduki, akatoa za mfuko wa koti, akasimama.

"Wardell," alisema Hosea.

"Nini?"

"Mguuni."

"Ah, Shemasi! Umezaliwa na macho mangapi?" Wardell aliinama akachomoa risasi mbili kutoka kwenye soksi. Hakuziweka sahanini mara moja. Alizishika kiganjani, na safari hii hakukuwa na mzaha usoni pake. "Unajua kwamba wale wana za kwao."

"Najua."

"Nauliza tu. Mtu akiniomba niingie kwenye pango la dubu nikiwa uchi, nina haki ya kuuliza mara moja."

"Wakitukuta na hata moja, kesi yote imekufa," Hosea alisema. "Wakili amesema. Watatuita wauaji badala ya wavunja sheria. Ziweke."

Wardell akaziweka.

Walitoka wamevaa nguo za Jumapili. Jua lilikuwa kali na harufu ya kiwanda, ile harufu ya mayai viza, ilikuwa imetanda mji mzima. Hosea alitangulia, bunduki ya mitutu miwili imekunjwa juu ya mkono wake wa kushoto kama koti. Verlene alikuwa kulia kwake, mikono mitupu, vidole vimekunjuliwa ili vionekane. Wardell na wengine walifuata. Hakuna aliyeimba.

Wazungu walijaa pande zote mbili za Barabara Kuu. Kulikuwa na matusi, lakini si mengi kama Hosea alivyodhani. Wengi walinyamaza tu, na ukimya huo ulimtisha zaidi. Wanawake walikuwa wamewashika watoto mabegani. Yule kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake na bastola kiunoni, kibali chake bila shaka kikiwa mfukoni.

"Haya, mnakwenda kuwinda?" mtu alipaza sauti.

"Tunakwenda jela, bwana," Wardell alimjibu kwa uchangamfu. "Karibu, tutakuwekea nafasi."

Hata Verlene alicheka kidogo, kwa pua. Hosea alikumbuka kicheko hicho kwa muda mrefu, kwa kuwa hakukisikia tena mwaka ule.

Mbele ya mahakama walisimama. Sutterfield alikuwa chini ya ngazi na askari wake wote. Hosea alisema kwa sauti ya kusikika, kama walivyokubaliana: "Bunduki zetu hazina risasi. Hatuna risasi miilini mwetu. Tumekuja kukamatwa."

Kwa dakika nzima Sutterfield alionekana kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza. Kisha akasema, "Wekeni chini. Polepole."

Hosea aliinama. Aliilaza bunduki yake juu ya lami, na mikono yake ilikuwa bado inaigusa aliposikia nyuma yake mlio wa chuma, *ta!* Baadaye aliujua ulikuwa mlio gani. Bunduki ya baba yake Wardell ilikuwa nzee na bawaba yake imelegea. Wardell alipoishusha, mtutu uligusa chini, bunduki ikajifunga yenyewe. Mlio huo kila mtu aliyewahi kuwinda anaujua. Ni mlio wa bunduki iliyo tayari.

Risasi zililia juu ya kichwa chake. Alijitupa juu ya Verlene, akamlaza kifudifudi, akamfunika. Watu walipiga mayowe, wakakanyagana. Kisha sauti ya Sutterfield: "Acheni! Acheni, nimesema acheni!"

Hosea alipoinua uso alimwona Wardell amekaa barabarani kama mtu aliyechoka, miguu imenyooka mbele, mkono mmoja umeshika tai yake iliyolowa damu. Kisha akaenda chali. Verlene alijikokota kutoka chini ya baba yake, akamfikia, akakipakata kichwa chake.

"Shemasi," Wardell alisema. Damu ilimzuia. Akajaribu tena. "Waambie haina kitu."

"Wanajua. Usiseme. Wanajua."

"Waambie."

Hosea alisimama, mikono juu, akapaza sauti mpaka koo likamuuma: "Haina kitu! Haina kitu! Ifungueni mtazame!"

Askari aliyefyatua ni yule kijana aliyecheka dirishani. Sasa alikuwa mweupe kama chokaa. Sutterfield mwenyewe ndiye aliyeiokota bunduki ya Wardell. Aliifungua, akainua mtutu usawa wa jicho, akachungulia, akaona mwanga wa jua upande wa pili. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaiweka juu ya boneti ya gari, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na bila kumtazama mtu yeyote akasema, "Wafungeni wote."

Gari la wagonjwa la Weusi lilikuwa linatoka mji wa jirani. Lilipofika, Wardell alikuwa amekwisha kata roho mikononi mwa Verlene.

Wardell alizikwa Hosea akiwa jela. Verlene, aliyeachiliwa mapema kwa kuwa hakubeba silaha, alikuja kumweleza: watu walikuwa wengi mpaka wakasimama nje ya kanisa, kwaya ilishindwa kuimba kwa kukosa sauti nzito, wakaacha katikati. Gazeti la Carthel liliandika kwamba mtu mweusi mwenye silaha ameuawa katika ghasia.

Siku ya wageni iliyofuata, aliyeletwa mbele ya nondo ni Earline, mjane wa Wardell. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfuaji wa nguo za hoteli, na mikono yake ilikuwa imebabuka kwa sabuni. Hosea alikuwa ameandaa maneno. Hakupata nafasi ya kuyasema.

"Mume wangu alikuwa na risasi kwenye soksi," Earline alisema. "Mimi ndiye niliyemwekea. Nilimpigia magoti nikamwambia, usizitoe hata Shemasi akikwambia nini."

"Earline—"

"Ukamwambia nini?"

Hosea alishika nondo. "Nilimwambia aziweke."

"Akaziweka."

"Akaziweka."

"Kwa kuwa ni wewe. Asingezitoa kwa mtu mwingine duniani." Hakupandisha sauti. Angepandisha, Hosea angevumilia vizuri zaidi. "Nimekuja kukusikia ukisema kwa kinywa chako. Basi."

Baada ya kuondoka kwake, Hosea alilala kwenye ubao wa seli akilitazama dari. Alijiambia kwamba risasi zile zisingesaidia kitu. Kwamba kama zingekuwamo, wangekufa wote, na Verlene pia. Alijua ni kweli. Lakini ukweli ule haukumfaa Wardell kitu, na kila alipoufikisha mwisho alijikuta anauanza upya.

Yule askari kijana hakushtakiwa. Jopo la raia, wote Wazungu, lilisema alikuwa na sababu ya kuhofia maisha yake, na mji ukamhamishia kwenye kazi ya ofisini. Lakini wakili Numa Decuir, Mweusi mfupi wa New Orleans mwenye miwani na hasira ya kimyakimya, alimtoa Hosea na wenzake jela kwa dhamana, akalipeleka shauri la Hosea mbele ya hakimu wa serikali kuu, na majani yalipokuwa yameshaanza kupukutika, sheria ndogo ya Carthel ikafutwa. Hakimu alisema kwamba haki ambayo mtu mmoja anaitumia na mwingine anaiomba si haki, ni zawadi. Wakili alilisoma neno hilo kwa simu, mara mbili, sauti ikitetemeka kwa furaha. Hosea alimshukuru. Alipoweka simu chini alibaki amesimama jikoni, mkono bado juu ya simu, asijue aende wapi.

Hosea alienda mahakamani kurudishiwa bunduki. Sutterfield alizileta kaunta mwenyewe. Alionekana amepungua.

"Ya Minnifield nayo mpe mkewe," alisema. Kisha, Hosea alipokwisha kuzikunja na kuzipakata: "Sikumtuma yule mvulana apige, Hosea."

"Hapana, bwana. Ulimwambia tu nani wa kumwogopa."

Alitembea Barabara Kuu na bunduki mbili, moja kila mkono, na hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumgusa. Watu walimpisha njia. Kinyozi alifunga mlango. Ushindi ulikuwa ule, na Hosea aliubeba mpaka nyumbani kwa Earline kama mtu anayebeba jeneza peke yake.

Earline alimfungulia. Aliipokea bunduki ya mumewe kwa mikono miwili, akaitazama ile bawaba iliyolegea.

"Naweza kuitengeneza," Hosea alisema. "Hiyo bawaba. Ni kazi ndogo."

"Wewe umeshaishughulikia vya kutosha, Shemasi." Akaingia ndani. Mlango ulifungwa bila kubamizwa.

Verlene alikuwa ndani humo. Tangu mazishi alikuwa akija kumsaidia mjane kufua. Hosea alimsubiri kwenye ua mpaka alipotoka, mikono imelowa, akaifuta kwenye sketi. Waliongozana kuelekea nyumbani.

"Jumamosi tunarudi mahakamani kujiandikisha," Verlene alisema. "Safari hii wanasema watatuandika. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Na bunduki?"

"Na bunduki."

Walipita magofu ya nyumba ya bibi Idella, ambako magugu yalikuwa yameshaota juu ya majivu.

"Itakuwa na risasi," Hosea alisema. Alipunguza mwendo, akamsubiri. Alisubiri amwambie kwamba kanisa si kambi, kwamba kiapo ni kiapo, kwamba watu watasemaje. Alikuwa na majibu yote, na angempa ushindi kwa furaha mara hii, angemwachia aseme mpaka achoke.

Verlene alitembea akiwa ameinamisha kichwa. "Sawa, Baba," alisema.

Hosea alihamishia bunduki mkono wa pili, wakaendelea na safari.